Barua Haikudharauliwa, Imo Kwenye Spamu

Leo siandiki habari za hina wala singo. Naandika habari za barua pepe, na wewe bi harusi usiruke, yanakuhusu.

Mwaka juzi shangazi wa bi harusi mmoja aliyeko Muscat alinipa anwani ya mtoto wao, nimpelekee bei na picha za udi, singo na vitu vya sanduku. Nikaandika usiku ule ule. Kimya. Baada ya wiki nikaandika tena. Kimya. Nikasema moyoni, watu wa ng'ambo hao, wamepata pa rahisi, hata kusema hapana wameona uzito. Kumbe na wao kule wananisema mimi. Nikakutana na shangazi mtu kwenye maulidi, salamu yake baridi kama maji ya mtungi. "Mtoto wetu kakungojea weye mpaka kachoka. Kama hutaki kazi si ungesema?"

Barua zangu zote mbili zilikuwa kwenye folda ya spamu, na Gmail hukifuta kilichomo humo baada ya siku 30. Kazi nimeikosa, sawa, riziki anagawa Mwenyezi Mungu. Lililoniuma ni kuonekana mtu asiyetimiza ahadi.

Nikamsimulia mtoto wa dada yangu anayefanya kazi za kompyuta, nikitaraji atailaumu Gmail. Yeye akaniuliza, "Mama mdogo, Ramadhani ulituma nini?" Nilituma tangazo la nguo na manukato ya Iddi kwa watu 200 kwa mpigo, na anwani nyingi nilizichukua kwenye orodha za waalikwa wa harusi. Hawakuniomba. Bila shaka wapo waliobonyeza kitufe cha kuripoti spamu, na ni haki yao. Google inataka malalamiko yasifike 0.3 kwa 100, yaani watu 3 kwa barua 1,000. Kwa barua 200, akilalamika mtu mmoja tu umeshapita kiwango. Jina la biashara yangu likaingia doa, na doa likaifuata hata barua ya yule bi harusi.

Wafanyabiashara wenzangu najua hawatapenda, lakini nasema: barua zetu nyingi zinazopotea tumezipoteza wenyewe. Tumefundishwa kubisha hodi mara tatu, tusipojibiwa turudi. Kwenye barua pepe tunaingia hadi chumbani kwa mtu asiyetujua, tena kwa herufi kubwa na alama za mshangao, OFA MWISHO LEO!!!, na anayetaka kujitoa hapati pa kujitoa. Asiyefungua barua zako miezi na miezi, mwache. Orodha ya watu 40 walioomba wenyewe ina baraka kuliko 400 wa kuokoteza.

Lipo na la ufundi. Kama unatumia anwani yenye jina la biashara yako, barua ni mshenga. Mshenga akija kuposa bila utambulisho, nani atamfungulia mlango? Utambulisho huo una majina matatu: SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM ni muhuri unaoonyesha barua haikuchezewa njiani, na DMARC husema barua isiyothibitika ifanyweje. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM angalau, na wanaotuma kwa wingi wawe na yote matatu. Mimi sikuwa na hata moja! Si lazima ujue kuyaweka. Muulize aliyekuuzia jina la tovuti, mtaje moja moja, usikubali akujibu "iko sawa" bila kukuonyesha.

(Neno spam lenyewe ni jina la nyama ya nguruwe ya kopo ya Marekani, iko sokoni tangu 1937. Sasa unashangaa nini ikikaa mbali na barua njema?)

Utasema WhatsApp ipo. Ipo, lakini ankara, picha za vipimo na makubaliano ya malipo ya kwanza yanataka mahali pa kutulia, hasa bi harusi akiwa nchi nyingine na simu zinabadilishwa.

Na wewe bi harusi una sehemu yako. Ukumbi, mshonaji, mpishi, wote hao wanakuandikia kwa mara ya kwanza, na barua ya kwanza ndiyo inayopotea. Kabla hujasema umedharauliwa, fungua folda ya spamu. Ukiikuta humo, bonyeza kwamba si spamu, hifadhi anwani ile, kisha jibu japo neno moja, maana kujibiwa kunaipa anwani ile heshima mbele ya Gmail. Ila usiokoe kila kitu. Barua inayotaka nywila au namba ya siri ya benki iache ioze humo humo.

Yule shangazi nilimwendea nyumbani, nikamwonyesha barua zangu na tarehe zake. Akazitazama, akacheka, akanitengea chai. Ana binti mwengine anaolewa Mfungo Mosi inshaAllah. Bei nimeshaituma juzi, na kabla sijaizima kompyuta nikampigia simu binti: angalia na kwenye spamu, mwanangu. Ilikuwa kwenye kikasha.