Mkopo wa Stashahada Umepima Kozi, Haukupima Mfuko

Uamuzi wa kuwakopesha wanafunzi wa stashahada kuanzia mwaka 2023/2024 ulikuwa wa haki, ingawa ulichelewa. Kilichouharibu ni sharti lake. Ukisoma afya, kilimo na mifugo, nishati, madini, usafirishaji au elimu na mafunzo ya ufundi, unafikiriwa. Ukisoma uhasibu au maendeleo ya jamii, umaskini wa kwenu hauhesabiki. Astashahada nayo, mlango wa vijana wengi wenye D nne za kidato cha nne, iliachwa nje. Tunaambiwa taifa lina vipaumbele na fedha hazitoshi. Ni kweli hazitoshi, na ndiyo maana zilipaswa kumfuata mhitaji kwanza.

Anayetaka kujua kwa nini kijana wa wilaya ya Rungwe anaacha chuo, aangalie msimu wa chai kabla ya kuangalia matokeo yake. Kuanzia Juni, baridi na ukavu hupunguza majani shambani. Vyuo hufunguliwa Septemba au Oktoba, wakati mkulima wa Katumba, wilayani humo, anapokea malipo ya kilo chache. Ndizi na maziwa huleta fedha kidogo kidogo, na zote huishia kwenye chumvi, sabuni na dawa. Chuo kinataka kwa mkupuo: awamu ya kwanza ya ada, pango, bima ya afya, sare, godoro. Asiyelipa hasajiliwi, na asiyesajiliwa hafanyi mtihani. Mzazi huyohuyo angeweza kulipa ifikapo Machi, mvua zikiwa zimerudisha majani, lakini muhula umeshampita mwanawe. Kozi haibadilishi hesabu hiyo hata kidogo, maana wa uuguzi na wa uhasibu wametoka mashamba yaleyale.

Wapo wanaolaumu uvivu wa vijana na wazazi wanaochangia harusi kuliko ada. Watu wa namna hiyo hawakosekani, Tukuyu na kwingineko. Lakini kumbebesha lawama hiyo mama anayeuza mikungu Kiwira kwa bei aliyopangiwa na dalali ni kumwonea, na imetosha. Serikali yenyewe ilipopandisha fedha za chakula na malazi za wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku, ilikubali kwamba mwenye njaa hasomi. Njaa ya mwanafunzi wa chuo cha kati ina tofauti gani?

Bodi ya Mikopo, inayotoa mikopo hiyo, iondoe sharti la kozi na iingize astashahada. NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo, nayo ivitake vyuo vikubali ada kwa awamu zinazofuata mavuno, na mwanafunzi mwenye deni aruhusiwe kufanya mtihani.