SAA ZA RUBANI ZIPIMWE KWA MAFUNZO

Kila inapotokea ajali ya ndege husikika rai kwamba marubani wapya watakiwe kuwa na saa nyingi zaidi za urukaji kabla ya kukabidhiwa abiria. Sisi wa visiwani, ambao wagonjwa wetu mahututi huvushwa bahari kwa ndege, hatuwezi kuipuuza rai hiyo. Lakini wahusika hawana budi kutazama kwanza asili yake.

Sheria inayotajwa sana ni ya Marekani. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani mwake. Ilikuwa ya aina ya Q400, ile ile ambayo Serikali ya Tanzania iliinunua mwaka 2016 kwa ajili ya Shirika la Ndege. Jamaa za marehemu waliliandama Bunge la nchi yao hata likatunga sheria mwaka 2010. Na tangu mwaka 2013 rubani msaidizi, ambaye awali alitosheka na saa 250, anatakiwa awe nazo 1,500. Waliofunzwa jeshini wamepunguziwa hadi 750.

La ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikwisha kupita saa 1,500. Mkuu wao alikuwa nazo zaidi ya 3,000. Mwendo ulipopungua na usukani ukatikisika kumwonya, yeye aliuvuta badala ya kuusukuma mbele, mbawa zikashindwa kuibeba ndege. Mwaka huo huo, Juni 30, ndege ya Yemenia iliangukia baharini karibu na Ngazija. Wakafa watu 152, akaokoka msichana mmoja tu. Wachunguzi nao walitaja makosa ya uendeshaji yaliyoipotezea ndege uwezo wa kuelea.

Kiwango cha kimataifa cha leseni ya urubani wa kibiashara ni saa 200, au 150 kwa aliyesoma katika chuo kilichoidhinishwa. Kukiongeza tu ni kumtuma kijana akazunguke angani mchana wa jua, ajaze daftari, kwa gharama asiyoimudu mtoto wa mkulima wa karafuu. (Na daftari, tusisahau, hujazwa kwa kalamu.) Mamlaka zidai mazoezi ya mara kwa mara katika mtambo wa kuigiza urukaji: ndege imepoteza mwendo, usiku, mvuani. Anayeshindwa mitihani tena na tena asikabidhiwe abiria, hata akiwa na saa elfu tatu. Serikali nayo iwasomeshe vijana wa Unguja na Pemba kwa mkataba wa utumishi, na fungu hilo lionekane katika bajeti ijayo.