Gari kuukuu likaguliwe kabla ya nyundo na kabla ya mnada

Katika Mkoa wa Mara, kama ilivyo katika mikoa mingine ya nchi hii, si jambo geni kukuta gari kuukuu limeegeshwa nyuma ya ofisi, shule au misheni, magurudumu yamezama ardhini na majani yameota hadi kufikia usukani. Mara nyingi gari hilo ni la wazi: Land Rover ya turubai ya miaka ya 1950 au 1960, ambayo turubai lake limekwisha oza yakabaki mabomba yake tu. Wako wapitao wakaona chuma chakavu. Wako wapitao wakaona hazina. Wote hao hukata shauri kwa kutazama tu, na hapo ndipo lilipo kosa.

Kosa hilo lina gharama pande zote mbili. Gari lililouzwa kwa kilo likaingia katika tanuru halirudi tena, wala historia yake hairudi. Na fedha ya umma iliyomwagwa katika rangi na viti vipya juu ya fremu iliyooza nayo hairudi. Kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa Musoma, Bunda na Butiama si kama magari haya yapendwe au yachukiwe. Swali ni hili: je, yamekaguliwa?

Yafaa kwanza ieleweke gari hili ni kitu gani. Land Rover ya kwanza ilitolewa nchini Uingereza mwaka 1948, wakati chuma cha pua na chuma cha bati vilipokuwa adimu kutokana na vita. Watengenezaji wakaamua bodi iwe ya alumini, na fremu iwe ya chuma. Uamuzi huo uliotokana na dhiki ndio ulioyafanya magari hayo yaishi miaka mingi, na ndio unaomdanganya mkaguzi asiye mwangalifu. Bodi huonekana nzima kwa sababu alumini haishiki kutu nyekundu, kumbe fremu iliyo chini yake imekwisha kuwa unga.

Ndiyo maana ukaguzi huanzia chini. Fremu ya chuma yenye uwazi ndani huoza kutoka ndani kwenda nje. Fundi hulala chini ya gari, akaigonga kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua: chuma kizima hulia, chuma kilichooza hutoa sauti iliyofifia. Mahali penye shaka hupachoma kwa bisibisi. Asisahau sehemu zinapofungwa springi, kipande cha nyuma kinachobeba ndoano ya tela, na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Aangalie pia mahali alumini inapokutana na chuma, kwa kuwa penye unyevu alumini hufanya unga mweupe na kuliwa pole pole.

Chombo cha pili ni sumaku. Kwenye gari la bodi ya chuma, sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Na puti nyingi ni ushahidi wa shimo lililofichwa. Lakini sumaku haishiki alumini pia, hivyo mtu asiyejua anaweza kuilaumu bure Land Rover nzima, au kulisifu bure gari lingine lililojazwa puti. Kifaa bila elimu hakitoshi.

Kwa gari dogo la wazi, lenye paa la turubai la kukunja na lisilokuwa na fremu ya peke yake, mambo ni magumu zaidi. Gari lenye paa la chuma husaidiwa na paa hilo kubeba mkazo wa safari. Likiondolewa, mzigo wote huangukia sakafu na mihimili iliyo chini ya milango. Na sakafu ndiyo ipokeayo mvua turubai likichanika. Fundi mwangalifu huinua gari kwa jeki, kisha akafunga milango. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama, au nafasi zake zikibadilika, basi gari limelegea kiunoni. Gari la namna hiyo halikatwi sakafu wala kuchomelewa kabla ya kutegemezwa, la sivyo litajipinda, na hakuna rangi itakayolinyoosha.

Mazingira ya Mara nayo yana ushahidi wake. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya bahari, na chumvi ndiyo ichocheayo kutu. Kwa hiyo gari lililozeekea Musoma lina matumaini kuliko mwenzake aliyezeekea ufukweni Tanga au Unguja. Lakini nyanda za Bunda zina udongo mweusi wa mbuga, ambao hunata katika pembe za fremu na kutunza unyevu hata baada ya masika kwisha. Mkaguzi asiyeuondoa udongo huo kabla ya kugonga nyundo, ameukagua udongo na si gari.

Watu wengi huhofia injini, ingawa mara nyingi si injini iliyo hatari kubwa. Nchi hii ina mfano mkubwa wa jambo hili katika Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha meli yao mwaka 1916, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nyingi. Meli iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Waliojua kuhifadhi waliwarahisishia kazi waliokuja kufufua. Hivyo injini iliyokaa miaka isiwashwe kwa pupa. Plagi zifunguliwe, mafuta yamiminwe katika silinda, yaachwe yapenye, kisha injini izungushwe kwa mkono. Anayelivuta gari kwa trekta ili injini ikubali kwa nguvu, huvunja kwa dakika moja kilichodumu miaka sitini.

Baada ya chuma huja karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya chesisi ilinganishwe na kadi ya gari na kitabu cha mali cha ofisi. Wazee waliolifahamu gari waulizwe, na maneno yao yaandikwe: lilikuwa la idara gani, liliendeshwa na nani, lilisafiri wapi. Walimu wa historia wanaweza kuifanya kazi hiyo kuliko fundi yeyote. Na wasingoje sheria iwafanyie. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilitazama hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Gari la enzi za kupigania Uhuru halilindwi kwa umri wake peke yake. Litalindwa na watu waliojua thamani yake na kuitetea mapema.

Ukaguzi ukikamilika ndipo huamuliwa gari lifufuliwe kwa kazi gani, kwani si kila ufufuaji ni wa namna moja. Meli ya MV Butiama, iliyoanza kazi miaka ya 1980 na kubeba jina la kijiji cha Mwalimu, ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Meli ile ni ya kubeba abiria, na kwa chombo cha abiria usalama ndio kwanza. Cha kale kinachohatarisha maisha lazima kipishe kipya. Kwa upande mwingine, Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yametunza Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Gari la namna hiyo likibadilishwa kila kitu litang'aa, lakini halitakuwa tena shahidi. Hapo mkwaruzo wa zamani una thamani kuliko rangi mpya.

Wako watakaosema kwamba shule zinahitaji madawati na zahanati zinahitaji dawa, na kwamba kushughulikia magari mabovu ni anasa. Hoja hiyo ni ya haki na isipuuzwe. Ni kweli kwamba gharama ya kufufua gari kuukuu huweza kupita bei ya gari linalotembea. Ni kweli pia kwamba magari mengi yaliyomo katika yadi hayastahili kufufuliwa: fremu imekwisha, karatasi hazipo, na yako mengine ya aina hiyo hiyo yaliyo bora zaidi. Hayo yaondolewe kwa kufuata taratibu za uondoshaji wa mali ya umma, na fedha yake ionekane. Kuyaacha yaoze mahali pale pale si kuhifadhi. Ni uzembe uliovaa kanzu ya heshima.

Lakini katika mengi hayo, huenda likapatikana moja au mawili yanayostahili. Na gharama yake hupungua sana kazi ya kulifufua inapokuwa ndiyo shule yenyewe. Mkoa huu hauna haja ya kufundishwa jambo hilo na wageni. Ni mjini Musoma, Novemba 1974, ambako Halmashauri Kuu ya TANU ilitoa Azimio la Musoma, lililohimiza elimu ya msingi kwa watoto wote na kutaka masomo yafungamane na kazi. Kabla yake, mwaka 1967, Mwalimu alikwisha kueleza maana ya Elimu ya Kujitegemea. Kijana wa VETA anayejifunza kuchomelea kwa kutengeneza kipande cha fremu kitakachobeba gari kweli hujifunza zaidi ya yule anayeunganisha vipande vya bati ili vitupwe. Walimu wake wahakikishe tu kwamba vumbi la breki za zamani halipulizwi, kwa maana breki za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, na kwamba rangi ya zamani haikwanguliwi ovyo, kwani huenda ina madini ya risasi.

Kwa hiyo yafaa halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zianze na kazi isiyo na gharama kubwa: kuorodhesha. Kila gari la zamani lililo katika yadi ya umma liwe na karatasi moja inayoonyesha namba ya chesisi, hali ya fremu, historia yake na pendekezo la fundi. Orodha hiyo isomwe na mafundi, wakaguzi wa mali, walimu, na wahifadhi wa Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyofunguliwa Butiama mwaka 1999, ili kila mmoja aseme neno lake kabla ya dalali kupiga kengele.

Kazi hiyo ifanyike kabla ya masika yajayo. Kutu haingoji kikao, na mnunuzi wa vyuma chakavu naye ana mizani yake tayari.