Kabla ya Kubadilisha Uma wa Mbele, Chukua Timazi

Serikali yetu ya wanafunzi inataka kununua baiskeli za kuazimana, ili wanaokaa hosteli za nje wafike darasani bila kugombania daladala. Mpango ni mzuri na mimi naunga mkono. Fundi atapewa fremu za mtumba kutoka Japani, atazisafisha, atazipaka rangi za chuo, halafu kila moja itafungwa uma mpya wa mbele wenye shokapu. Hapo kwenye shokapu ndipo ninapopinga.

Sipingi kwa sababu ya ushamba. Najua baiskeli yenye shokapu inapiga picha vizuri, na najua mwaka wa uchaguzi picha ni mtaji. Lakini uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu na kupanda hadi kwenye usukani, siyo pambo kama kengele. Ukiubadilisha umebadilisha tabia ya baiskeli nzima, na atakayelipia ni yule first year anayeteremka kilima cha maktaba saa moja na dakika hamsini asubuhi.

Twende taratibu. Itazame baiskeli kwa ubavuni. Bomba linaloshika usukani halijasimama wima, limelala kuelekea nyuma. Ukipima kutoka usawa wa ardhi, baiskeli za mbio zina nyuzi kama 73, na za mlimani za miaka ya 1990 zina kama 71. Zile kubwa za gurudumu la inchi 28, Phoenix za babu zetu, zimelala zaidi ya hapo. Kisha tazama uma wenyewe. Mwishoni umepinda kwenda mbele, kwa hiyo ekseli inakaa mbele kidogo ya mstari wa bomba. Umbali huo tuuite mpindo.

Sasa chukua timazi. Ining'inize kwenye ekseli ya mbele na uweke alama pale inapogusa sakafu. Halafu weka rula ndefu sambamba na bomba la usukani, ifuate katikati ya bomba hadi chini, uweke alama ya pili. Utaona alama ya bomba iko mbele, na pale tairi linapogusa sakafu pako nyuma yake. Umbali kati ya alama hizo mbili mimi nauita mkia, kwa sababu tairi linafuata nyuma ya usukani kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Kama umewahi kusukuma toroli ya supamaketi, ulishauona mkia ukifanya kazi: kale kagurudumu kadogo hugeuka kenyewe na kufuata unakoelekea.

Mkia mfupi unaleta usukani mwepesi, baiskeli inayokata kona haraka lakini yenye wasiwasi ukiwa kasi. Mkia mrefu unaleta baiskeli inayoshika mstari ukiwa kasi, ila ukienda polepole gurudumu linataka kuangukia upande, na unajikuta unapigana na usukani. Hakuna mkia ulio bora kwa kila mtu. Kuna mkia ambao mtengenezaji wa fremu aliupanga, na mkia ambao sisi tunaupata kwa bahati tunapounga vitu.

Nilipima baiskeli ya jirani yangu wa hosteli, fremu ya mlimani ya mtumba, gurudumu la inchi 26. Ilikuwa na nyuzi 71 na mpindo wa milimita 40. Hesabu ni ile ile ya trigonometria ya sekondari: zidisha nusu kipenyo cha gurudumu kwa kosaini ya pembe, toa mpindo, kisha gawanya kwa saini ya pembe. Nusu kipenyo kilikuwa milimita 330, na jibu likaja mkia wa milimita 71. Jamaa akafunga uma wa shokapu ulio mrefu kwa sentimita 6. Mbele ikiinuka sentimita 2, bomba hulala karibu nyuzi moja zaidi, kwa hiyo sentimita 6 zikamtoa nyuzi 71 hadi kama 68. Rudia hesabu: mkia umefika milimita 90. Akikaa shokapu inazama kidogo na kupunguza tofauti, sawa, lakini haiifuti. Pedeli nazo zimepanda kama sentimita mbili na kiti kimelala nyuma. Hakugusa fremu hata kidogo, ila anaendesha baiskeli nyingine.

Kinyume chake pia kipo. Ule uma wa Phoenix uliopinda sana wengi wanauona ni ushamba. Kumbe una kazi. Chukua fremu iliyolala nyuzi 67, gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 350. Ukiwa na mpindo wa milimita 75, mkia ni kama milimita 67, wa kawaida kabisa. Toa uma huo, weka ulionyooka wenye mpindo wa milimita 40, na mkia unaruka hadi 105. Aliyechora baiskeli ile aliilaza fremu ili ipite barabara mbovu bila kumtikisa mtu, halafu akaukunja uma ili usukani usiwe mzito. Vitu hivyo viwili vilizaliwa pamoja. Ukivitenganisha, umevunja ndoa.

Najua mwanafunzi wa fizikia ataniuliza: kwani baiskeli haisimami kwa sababu magurudumu yanazunguka? Swali hilo David Jones, mkemia wa Uingereza, alilishughulikia kwa mikono yake na kuchapisha majibu mwaka 1970. Alijaribu kuunda baiskeli isiyoendesheka. Akaifunga gurudumu la pili linalozunguka kinyume ili kufuta nguvu ya mzunguko, na bado akaiendesha. Ila alipoisogeza ekseli ya mbele mbali sana na mstari wa usukani, hapo ndipo alipopata mashine iliyomsumbua kweli. Mwaka 2011 watafiti, wakiwamo wa Delft na Cornell, walionyesha kwamba mkia nao siyo kila kitu: waliunda baiskeli isiyo na mkia wala nguvu ya mzunguko, na bado ikajisimamia yenyewe inaposukumwa, kutokana na jinsi uzito wake ulivyopangwa. Kwa hiyo sisemi mkia ndio mungu wa baiskeli. Nasema pembe, mpindo, urefu wa uma na uzito ni familia moja, na huwezi kumgusa mmoja wengine wakabaki walivyo.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni hii: "Bana, mtu huzoea." Kweli, mtu huzoea. Mwili wa binadamu ni mwalimu wa ajabu. Jirani yangu yule alizoea ndani ya wiki mbili, na leo ukimwambia baiskeli yake imebadilika atakucheka. Lakini yeye anaendesha baiskeli moja kila siku. Baiskeli za kuazimana siyo hivyo. Leo utachukua namba 4, kesho namba 17, keshokutwa utakuta zimebaki mbili tu na zote hujawahi kuzigusa. Kila safari ni ya kwanza. Namba 4 inageuka ukitazama tu, namba 17 inataka mabega. Barabara yetu ina bodaboda zinazopita kulia na kushoto, na hakuna bodaboda atakayekupa wiki mbili za kuzoea.

Kuna na suala la uimara. Uma mrefu ni wenzo mrefu. Kila ukiingia shimoni unaivuta sehemu ambapo mabomba mawili ya fremu yanaungana na bomba la usukani, na fremu za mtumba zilishatumika miaka mingi kabla hazijapanda meli. Hapo chini ya bomba la usukani ndipo nyufa zinapoanza, chini ya rangi mpya ya chuo, usizione. Isitoshe shokapu za bei rahisi ni nzito, zinashika kutu, na zikishaganda hazinyonyi tena mtikisiko wowote. Unabaki na uma mrefu, mzito na mgumu, uliounuliwa kwa hela za wanafunzi wanaosubiri bumu.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linaloongeza gharama. La kwanza, kila fremu ibaki na uma iliyokuja nao kama haujapinda wala kupasuka. La pili, pale ambapo lazima ubadilishwe, fundi atafute wenye urefu ule ule kutoka ekseli hadi juu pale miguu inapoungana, na mpindo ule ule. Futi kamba inatosha kupima. Hela iliyookolewa kwenye shokapu inunue tairi nene na breki nzuri, maana tairi nene likipunguzwa upepo kidogo linameza mashimo vizuri kuliko shokapu mbovu. La tatu, kabla ya kulipa, watu watano wa vimo tofauti waendeshe kila baiskeli, polepole kwenye kona ya kantini na kwa kasi kwenye mteremko, ukiwa mtupu barabara. Yoyote inayomshangaza mmoja wao irudi kwa fundi.

Mimi nasomea ualimu, na hesabu hizi zote zimo kwenye vitabu tutakavyoenda kufundishia. Tutasimama mbele ya watoto tuwaambie kosaini ina matumizi. Basi kabla ya kuwaambia, tuitumie wenyewe kwenye baiskeli za chuo chetu. Kamati ya ununuzi inakutana wiki ijayo. Timazi ninayo, naweza kuileta.