Haki ya Jirani Asiyeshitaki

SWALI: Kijana mmoja akaaye na wazazi wake katika wilaya ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani, anauliza: "Baba amenunua droni, nasi twataka kuipiga picha nyumba yetu kutoka juu tumpelekee bibi Mombasa, apate kuona wajukuu wake wanakaa mahali gani. Majirani zetu wa pande mbili ni Waamishi, na nasikia hawapendi kupigwa picha. Nyumba ni yetu na sharia ya nchi haikatazi. Je, tuna makosa?"

JIBU: Ndugu yetu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kurusha. Yafaa kwanza umjue jirani yako, kisha uijue sharia, kisha utazame lile lililobaki baada ya sharia.

Waamishi ni Wakristo ambao asili yao ni Uswisi na nchi za karibu yake. Mzee wao Jakob Ammann alifarikiana na wenziwe mwaka 1693, na katika karne ya 18 wafuasi wake wakaanza kuhamia Pennsylvania. Leo wanakisiwa kuwa yapata 400,000, na wengi wao wako Pennsylvania, Ohio na Indiana. Hupanda magari ya kukokotwa na farasi, na huvaa mavazi ya namna moja yasiyo na mapambo. Picha wanaiepuka kwa sababu mbili: ile amri ya Taurati ikatazayo sanamu, na khofu ya kiburi, kwani kwao kujionyesha ni kujikweza juu ya jamaa. Wala hawako sawa wote. Kila jamaa ina kanuni zake, na wapo wasiochukia picha ya mbali ambayo mtu hakusimamishwa kupigwa. Sisi haitupasi kuwacheka kwa hayo, kwani wanavyuoni wetu pia wamekhitalifiana sana katika mas-ala ya picha.

Ama sharia ya nchi, haikunyamaza kama udhanivyo. Mwenye droni ya kujifurahisha anatakiwa afanye mtihani mfupi wa usalama. Aandikishe chombo chake kikizidi uzito wa gramu 250. Asikiache kupotea machoni. Na katika sehemu zisizo karibu na viwanja vya ndege asipite futi 400 juu ya ardhi, yaani kama mita 120. Aidha jimbo lenu lilitunga sharia mwaka 2018 ya kukataza kumpeleleza mtu kwa droni mahali pake pa faragha.

Iko pia hukumu mashuhuri ya mwaka 1946, katika kesi ya Causby, mfugaji wa kuku wa North Carolina. Wakati wa vita ndege za kijeshi zilipita futi 83 tu juu ya shamba lake, hata kuku wapatao 150 wakafa kwa kujibamiza ukutani kwa fadhaa. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba ile kanuni ya kale, ya kuwa mwenye ardhi anamiliki mpaka mbinguni, haina nafasi katika zama za ndege. Lakini ikasema vile vile kwamba anamiliki sehemu ya hewa iliyo juu ya ardhi yake kadiri awezavyo kuitumia. Causby akashinda. Basi ukipita chini juu ya zizi la jirani na farasi wake wakashtuka, usiseme kwamba hewa haina mwenyewe.

Sasa tufanye kwamba umetimiza yote hayo. Hapo ndipo swali lako khasa linapoanza, kwani Waamishi kwa kawaida hawaendi mahakamani. Dini yao yawafundisha kustahimili dhara na kusamehe. Ukimpiga picha binti wa jirani akianika nguo uani, yamkini baba yake hatakuja kugombana, wala hutapata barua ya wakili. Kunyamaza kwake usikuhesabu kuwa ni ridhaa. Haki ya mtu kama huyu haina mlinzi duniani ila moyo wako wewe.

Na jambo hili si geni katika dini yetu. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya 49, yakataza kupelelezana, na hukumu ya kubisha hodi imewekwa kwa ajili ya macho. Wanavyuoni wa Kimaliki, akiwamo Sahnun wa Kairouan aliyefariki mwaka 240 Hijria, walimzuia mwadhini asipande mnara ambao kutoka juu yake huona ndani ya nyumba za watu. Zingatia, ndugu: mnara ni wa msikiti, na kazi yake ni kuitia sala, na juu ya hayo jicho likazuiwa. Droni ni mnara unaotembea.

Hatusemi mwache. Kumfurahisha bibi ni kheri, na picha ya nyumba yenu ni haki yenu. Lakini fanyeni hivi. Baba yako aende kwa miguu mpaka mlangoni kwa kila jirani, aeleze mnalotaka, aulize ni saa gani isiyowaudhi. Jumapili iepukeni, kwani Waamishi husali majumbani mwao kwa zamu. Na Jumatatu pia, maana kwa familia nyingi za huko ndiyo siku ya kufua, na nyua hujaa watu. Chombo kisimame juu ya kiwanja chenu, kisipande mno, na kamera ielekee chini; kwani kadiri kipandavyo na kutazama mbele, ndivyo mashamba ya wengine yaingiavyo. Kisha itazameni picha kabla ya kuipeleka. Akionekana mtu wa jirani, ikateni au ifuteni, wala msiitangaze kwenye intaneti.

Na jirani akisema hapendi hata hivyo? Simameni chini, mbele ya mlango wenu, mpigwe picha ya kawaida. Bibi ataziona nyuso za wajukuu wake, ambazo kutoka juu angalikosa kuziona. Na nyinyi mtabaki na jirani anayewaamini.

Wallahu aalam.