Barakoa ya Kuokolea Isifungiwe Kabatini
Na Mwanaisha Juma

Anapotolewa majini mtu asiyepumua, iwe Galu, Chale au Gazi hapa pwani ya Kwale, watu humzunguka upesi. Kumpulizia pumzi ndiko kunakowashinda. Mdomoni mna povu, pengine matapishi, na kila mtu anamwangalia mwenzake. Huyu anawaza kifua kikuu, yule ukimwi, na tangu korona ya 2020 hofu imezidi. Kama aliyezama ni mwanamke na waokoaji wote ni wanaume, haya nayo huingia, ingawa wanachuoni wetu hufundisha kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa.

Hofu hiyo siidharau, lakini imekuzwa. Kuambukizwa kwa kumpulizia mtu pumzi ni nadra mno. Na kinga ipo: barakoa ya mfukoni yenye vali inayopitisha hewa upande mmoja tu. Pumzi yako inamwingia, yake haikurudii. Kuna pia kile kikaratasi cha plastiki kinachofungwa kwenye ufunguo. Ni afadhali kuliko kukosa, ila huvujisha hewa pembeni.

Barakoa ina namna yake. Ncha nyembamba hukaa juu ya pua, sehemu pana chini ya mdomo. Rudisha kichwa nyuma, inua kidevu, ikandamize kwa mikono miwili, kisha puliza kwa sekunde moja mpaka uone kifua kimeinuka. Kisipoinuka, usiongeze nguvu. Rekebisha kichwa na barakoa. Ukipuliza kwa nguvu, hewa huenda tumboni, naye hutapika. Akitapika, mlaze ubavu, mpanguse, endelea.

Wengi wamesikia kwamba kubonyeza kifua peke yake kunatosha. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla sokoni Ukunda, sawa. Kwa aliyezama, hapana. Moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, kwa hiyo pumzi ndiyo hutangulia: miongozo ya Ulaya inataka tano, ya Marekani mbili, halafu mibonyezo 30 kwa kila pumzi mbili. Na wazee wangu mnisamehe, kumning'iniza mtu kichwa chini ili maji yatoke ni kumpotezea muda.



Barakoa isipokuwapo, puliza bila hiyo. Roho ikikataa kabisa, bonyeza kifua usiache. Ninachokipinga ni kumtuma kijana hotelini akaitafute. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache, na kutoka Kinondo hadi hospitali ya Msambweni ni zaidi ya dakika chache, hata dereva awe hodari vipi.

Kwa hiyo naisemesha BMU (kamati ya kusimamia ufuo) ya kila bandari yetu, wenye boti za watalii na serikali ya Kaunti ya Kwale. Leseni ya chombo cha abiria isitolewe kwa kuhesabu maboya tu. Barakoa iwemo chomboni, ndani ya mfuko usioingia maji, na vali ya akiba, kwa kuwa iliyotumika hutupwa. Awemo pia mtu mmoja aliyefunzwa kuitumia. Mafunzo yafanyike kabla ya Desemba, wageni hawajaanza kumiminika.