Kichekesho cha Jana Bado Ni Kipya Ilembo

Kundi la Ze Comedy lilipotoka EATV mwaka 2008 na kuhamia TBC1, mitaani watu waligombania jina. Kituo cha kwanza kilisema jina ni lake. Wachekeshaji wakarudi hewani upande wa pili wakiitwa Ze Orijino Komedi, na sura zilikuwa zile zile za akina Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan na Vengu. Mtazamaji akaridhika, maana aliowapenda amewaona. Lakini jina lilikuwa ganda tu la mgogoro ule. Ndani yake kulikuwa na swali ambalo mpaka leo nchi haijalijibu vizuri: kipindi cha vichekesho kikishaonyeshwa, kinabaki mali ya nani? Swali hilo husikika kama la Dar es Salaam, la mawakili na wenye vituo. Mimi nasema linamhusu mkazi wa Ilembo, hapa Mpanda mkoani Katavi, kuliko linavyomhusu mkazi wa Mikocheni, na nitaeleza kwa nini.

Televisheni ya bure hailipiwi na aliyekaa sebuleni, au tuseme inalipiwa naye kwa njia ya kuzunguka. Anaponunua sabuni, soda au vocha, sehemu ya bei imekwisha kulipia tangazo, na tangazo ndilo linalokilisha kituo. Kwa hiyo bidhaa ambayo kituo kinamuuzia mdhamini ni macho ya watu wa usiku ule. Wapo watayarishaji wanaolipwa kwa kila kipindi wanachopeleka, na wapo wanaonunua muda wa hewani kwa fedha zao kisha wakahangaika kutafuta mdhamini wa kuufidia. Njia zote mbili zina hesabu moja: thamani ya kipindi huhesabiwa inaisha pale majina ya waigizaji yanapomaliza kupita kwenye kioo. Mchekeshaji anapokea malipo ya leo, anasaini, na kanda inabaki kabatini kwa mwingine. Ni sawa na mkulima wa mpunga anayeuza mavuno ya msimu mmoja, kisha akagundua kwamba karatasi aliyoweka dole gumba ilikuwa inauza na jaruba lenyewe.

Kwamba jaruba lina thamani si jambo la kubuni. Marekani, mwaka 1951, CBS ilipoanza kuonyesha I Love Lucy, vipindi vingi vya aina hiyo vilirushwa moja kwa moja kutoka New York na kupotea hewani. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz walitaka kubaki California, wakataka kipindi kipigwe kwenye filamu halisi ya sinema, jambo lililoongeza gharama. Walikubali kupunguziwa malipo yao, na badala yake kampuni yao, Desilu, ikabaki na umiliki wa filamu hizo. Kituo kiliona kimefanya biashara nzuri, kwa sababu wakati ule nani angelipa fedha kutazama kichekesho alichokwisha kukiona? Miaka michache baadaye CBS hiyo hiyo ilinunua haki za vipindi hivyo kwa mamilioni ya dola, na Desilu ikanunua studio za RKO. Tangu hapo biashara ya vichekesho vya televisheni kule imesimama kwa sehemu kubwa juu ya marudio. Mara ya kwanza kipindi mara nyingi huambulia kurudisha gharama au sehemu yake tu, faida huja kinapouzwa mara ya pili, ya tano na ya hamsini.

Sasa turudi Ilembo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 565,000 katika Mkoa wa Katavi, ambao ulikuwa ndiyo kwanza umemegwa kutoka Rukwa. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 1,150,000. Hakuna mkoa mwingine uliokua kwa kasi hiyo. Wengi wa watu hawa walikuwa watoto wachanga, hawajazaliwa, au waliishi kwingine mbali na televisheni wakati Ze Comedy inatikisa nchi. Na wale waliokuwepo? Kwa miaka mingi umeme wa Mpanda ulitoka kwenye jenereta za dizeli za TANESCO, nje kabisa ya gridi ya Taifa. Awamu ya kwanza ya kuhamia dijitali, iliyoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ilitaja Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya, Mpanda haikuwamo. Mtu aliyetaka kucheka na wenzake alilipa kiingilio kwenye kibanda umiza, tena kama mpira haukuwa umekalia runinga usiku huo. Kwa hadhira kama hii, kipindi cha mwaka 2007 si marudio hata kidogo. Ni kipya. Wenye vituo wanaopima soko kwa macho ya Dar es Salaam wanaona kanda kuukuu; wangepima kwa Katavi, Rukwa na Kigoma wangeona hadhira nzima ambayo haijawahi kuuziwa kitu hicho. Hapo ndipo swali la umiliki linapogusa huku: kipindi kisicho na mwenyewe anayefaidika nacho hakina mtu wa kukitunza wala wa kukipigania kirudi hewani.

Upande wa wasanii, gharama ya hesabu hii inajulikana kwa majina. Kenya, Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang wa Vitimbi, aliigiza KBC kwa zaidi ya miaka 30. Alipofariki Julai 2015, maombolezo yalichanganyika na hasira ya umma kuhusu walivyolipwa waigizaji wa rika lake. Kwetu, mwaka 2018 mchekeshaji Mzee Majuto alipokuwa anaugua, waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya wanasheria kupitia mikataba ya wasanii. Serikali haiundi kamati kwa jambo dogo. Mtu ambaye sura yake iliuza kanda na bidhaa nchi nzima alihitaji waziri ili mikataba yake isomwe upya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu 1999, lakini sheria hiyo inaruhusu haki kuhamishwa kwa mkataba, na mwenye njaa huhamisha chochote.

Wenye vituo wana jibu, na ni jibu la kusikilizwa. Wanasema wao ndio wanaobeba hatari: wananunua mitambo, wanalipa leseni na mishahara, wanajaribu vipindi kumi ili kimoja kishike. Kikishika, kwa nini wasimiliki? Nakubali hatari ilipwe. Ila hatari ina kipimo na ina mwisho. Kituo kipewe haki ya kuonyesha peke yake kwa miaka kadhaa, kivune wadhamini wote wa muda huo, kisha haki irudi kwa waliotunga. Kinachodaiwa sasa ni malipo ya hatari ya mwaka mmoja kwa umiliki wa maisha. Tena kuna hatari ambayo kituo hakiibebi kamwe: mchekeshaji akiugua au akifa, kipindi ndicho kinachokufa. Papa Shirandula, kilichoanza Citizen TV mwaka 2007, kilifika mwisho Julai 2020 alipofariki Charles Bukeko, aliyekianzisha na kukiigiza. Mwili wa msanii ndio mtaji, na mtaji huo hauna kipuri.

Wengine husema vichekesho huchacha: utani juu ya mbunge wa mwaka 2008 nani ataucheka leo? Upo utani wa namna hiyo, sikatai. Lakini mume mbahili, mama mkwe, mganga tapeli na karani anayesumbua wananchi hawajastaafu. Kenya imethibitisha hilo kwa kipindi cha Vioja Mahakamani, ambapo kesi za kizimbani hazikupitwa na wakati kwa miongo. Na hata utani wa siasa uliochacha ni kumbukumbu ya namna Watanzania walivyothubutu kuwaiga wakubwa wao mbele ya nchi nzima. BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ili kuzitumia upya, vikiwemo vipindi vya Dad's Army, na baadaye ikabaki inatafuta nakala kwa watu binafsi. Wakati ule kanda ilikuwa ghali. Leo kutunza kipindi hakufikii gharama ya kukipiga picha, kwa hiyo udhuru huo umekwisha.

Hoja iliyobaki ni ya vijana: YouTube imemaliza kazi, kila kitu kipo kule. Kipo, lakini mara nyingi kimewekwa na mtu asiyehusika, na malipo ya matangazo humwendea yeye. Aliyepo Ilembo naye anatazama kwa bando, analipia kila dakika kitu ambacho televisheni ilimpa mwenzake wa mjini bure. Ving'amuzi vya kulipia vimeleta fedha kwenye uigizaji, na chaneli kama Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu zimewapa watayarishaji kazi ya kudumu kuliko zamani. Hilo ni jema. Lakini mlango wake hufungwa kila mwezi usipolipa, na Agosti 2018 tuliona DStv, Azam na Zuku zikilazimika kuondoa chaneli za bure kwa sababu ya masharti ya leseni zao.

Ndiyo maana naona pa kuanzia ni TBC, ambayo ni ya umma na haihitaji kusubiri sheria mpya ili kubadili karatasi inazosainisha. Mkataba wa kila kipindi cha vichekesho utaje muda wa haki ya kituo, utaje malipo ya kila marudio hata yakiwa madogo, na utaje mahali nakala itakapotunzwa. Vipindi vya zamani navyo vitafutiwe wenyewe, wakae mezani wakubaliane, kisha vipangiwe saa za jioni, saa ambazo mtu wa huku ametoka shambani na runinga imewashwa.